Nilikataa kusaini mtungi wa gesi wa kaka yangu Kibaha, nikaitwa Kisarawe kuomba radhi

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Humu ndani mimi ni msomaji wa siku nyingi, mchangiaji wa kudokoa. Leo nafungua uzi wangu wa kwanza kwa sababu nimechoka kusikia habari yangu ikisimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Ninachoandika kimenitokea mimi. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa, na anayejua upande wa pili aje auseme hapa hapa.

Halafu tuelewane mapema. Sijaja kuuliza kama nilikosea. Sikukosea.

Niiteni Zuhura. Ni mwanamke, Mzaramo wa Kisarawe, nimepanga Tangini hapa Kibaha. Wale wazee wa kukimbilia PM kutongoza, tulieni kwanza msome.

Kazi yangu ni kukagua mitungi ya gesi ya magari. Chuoni nilisomea mitungi ya hydrogen, ile ambayo haitengenezwi kwa chuma, inazungushiwa nyuzi za fiber na gundi mpaka inakuwa ngumu. Masters yangu yote ilikuwa swali moja tu. Mtungi umejazwa na kuisha mara nyingi, umegongwa, umekaa kwenye joto: ndani yake imebaki nguvu kiasi gani, na utavumilia kujazwa mara ngapi tena?

Hydrogen kwa hapa kwetu bado ni stori. Niliporudi na hiyo elimu, kwenye familia niliitwa "profesa wa upepo". Nikacheka nao, maisha yakaendelea.

Kisha magari ya gesi asilia yakashika kasi, na mitungi ya fiber ikaanza kuingia, mingine ikiwa imeshatumika huko ilikotoka. Profesa wa upepo akapata ajira.

Nieleze kitu kimoja kabla sijaendelea, maana bila hicho uzi hautaeleweka.

Sisi wa Kisarawe tunaijua salfeti ya mkaa, lile gunia la nyuzi za plastiki. Unaijaza, unaishusha, unaimwaga, kesho unaijaza tena. Kila safari uzi mmoja unakatika hapa, mwingine pale, na wewe huoni kitu. Siku inapopasuka mgongoni kwako, mzigo ni ule ule wa jana. Kilichobadilika ni nyuzi zilizobaki.

Mtungi wa fiber unachoka hivyo hivyo. Chuma kikianza kuharibika mara nyingi utaona kutu au kovu. Fiber inaweza kuchoka kwa ndani huku nje inang'aa.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Kaka yangu Shabani anaishi Picha ya Ndege, hapa hapa Kibaha. Ameendesha magari ya watu tangu ujana wake, na kwa kazi hiyo hiyo ndiye aliyenisomesha sekondari baada ya baba kufariki. Hilo naliweka wazi kwa sababu nilikuja kukumbushwa sana.

Mwaka jana akapata kipanya chake mwenyewe, kile kibasi kidogo cha abiria. Alinunua kwa jamaa mmoja wa Mkuza, kikiwa tayari kimefungwa mfumo wa gesi na mtungi wa fiber. Hapo hapo akapata tenda ya kubeba wanafunzi wa shule moja ya binafsi.

Shule ikaweka sharti moja: mtungi ukaguliwe na mkaguzi asaini. Kaka alifurahi kweli, kwa kuwa mkaguzi alikuwa ndani ya ukoo.

Nikaenda Jumamosi asubuhi. Wifi yangu alikuwa ameshapika maandazi, na binti yao Husna, aliyekuwa anaanza chekechea kwenye shule hiyo hiyo, alikuwa ameshapanda gari. Alikaa kiti cha nyuma kabisa upande wa dirisha, akaniambia, "Shangazi, hiki changu, usimpe mtu."

Mtungi ulikuwa chini ya kiti hicho.

Nikamshusha, nikainua kiti, nikaangalia. Mtungi ulikuwa mweusi, mpya kabisa kwa macho. Lakini rangi ile ilikuwa ya kupuliza. Mtungi wa fiber hautoki kiwandani ukiwa umepuliziwa rangi juu ya maandishi yake. Aliyepuliza kuna kitu hakutaka kionekane.

La pili, pembeni ya mtungi, karibu kabisa, palikuwa pamefungwa betri.

Wakuu, maji ya betri yakidondokea nyuzi za glass, yaani za kioo, zilizobeba presha, zile nyuzi zinakatika kama zimepitiwa na wembe. Hakuna moshi wala harufu. Inatokea polepole, na kila ukijaza gesi unazivuta zile zilizobaki. Betri ile ilikuwa na alama za kuvuja kwenye kona.

Nilikwangua rangi kidogo upande wa betri. Chini yake nikaona mistari myembamba iliyokwenda kinyume na nyuzi. Nikaipiga picha.

Jamaa wa Mkuza alikuwepo, kaja kusindikiza mali aliyoiuza. Aliponiona napiga picha akachukua spana, akaugonga mtungi mara kadhaa akiwa ametega sikio kama daktari. Akasema umelia vizuri, mzima.

Huo ndio ugonjwa wetu mafundi wa huku. Mitungi ya chuma tulizoea kuigonga na kusikiliza mlio, tukadhani kila mtungi unaongea. Wa fiber ukiugonga unatoa kishindo tu, mzima na mbovu. Zaidi ya hapo, umeuongezea kidonda.

Nikamwambia kaka mtungi huu sisaini. Utolewe, uharibiwe, gari litembee na petroli mpaka apate mwingine.

Kaka alidhani natania. Akasema fiber haina chuma, haina kutu, kwa hiyo haizeeki. Maneno hayo alipewa na yule muuzaji, na alikuwa ameyameza mazima. Nikamweleza habari ya nyuzi. Akaniuliza mbona gari limetembea nao miezi yote ile na haujapasuka.

Nikamjibu kwamba kutopasuka jana hakusemi lolote kuhusu kesho. Wifi akaondoa sahani ya maandazi mezani nikiwa nimekula moja.

Basi vita ikaanza.

Group la familia likawaka. Kwamba nimempania kaka yangu. Kwamba nasubiri kuhongwa na ndugu wa damu. Shangazi mmoja aliweka voice note ndefu, mwanzo mpaka mwisho anaorodhesha nilivyosomeshwa, viatu nilivyonunuliwa, mpaka sanduku la bweni.

Niliumia, siwadanganyi. Kuna siku nilikaa kazini nikaifikiria ile sahihi. Sekunde chache za kalamu na ningekuwa mtoto mzuri tena.

Lakini kila nikifumba macho namuona Husna na kidirisha chake. Nikajiambia watasema mpaka wachoke, sisaini.

Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba kukataa kwangu hakukutosha. Yule muuzaji alishamwambia kaka kuna mtu mjini anasaini bila hata kuliona gari, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Mimi ningebaki na msimamo wangu safi na mtungi ungebaki chini ya watoto.

Ndipo nikaitwa Kisarawe.

Tangu mama naye atangulie, neno la mwisho kwetu ni la Mjomba Kondo, kaka wa mama. Kikao kikapangwa nyumbani kwake. Ujumbe nilioletewa ulikuwa mfupi: nije nimuombe kaka radhi mbele ya wakubwa, tumalize.

Na kaka akasema atakuja na mtungi wenyewe, ameufungua na kuumaliza gesi, ili wazee waugonge kwa mikono yao na wajue nani muongo.

Niliposikia mtungi unatoka kwenye gari na unakuja Kisarawe, nikapata akili.

Jirani ya Mjomba kuna bibi wa Kinyamwezi, Bibi Kabula, ameishi pale tangu sisi hatujazaliwa. Mnaojua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo mmeshaanza kucheka. Kwa msiojua: mtani ana haki ya kukutukana, kuvuruga shughuli yako, hata kunyakua kitu chako mbele za watu, na ukikasirika wewe ndiye umeaibika. Kitu kikinyakuliwa unakikomboa kwa sharti la mtani, basi.

Siku ya kikao niliwahi kufika, nikapitia kwake kwanza. Najua humu kuna watakaosema nilipanga njama. Ndiyo, nilipanga, na ningepanga tena.

Kikao kikaanza baada ya swala ya adhuhuri. Mkeka umetandikwa, wazee wamekaa, mtungi umelazwa katikati kama mgonjwa anayesubiri kusomewa dua. Kaka akaugonga. Mjomba akaugonga. Kila aliyeugonga alitikisa kichwa kwa kuridhika, na hakuna aliyejua alichokuwa anakisikiliza.

Kisha Mjomba akanigeukia.

"Zuhura, huyu ni kaka yako na ni baba yako. Mpe heshima yake."

Nikapiga magoti, nikamwamkia kaka shikamoo kama nilivyofundishwa. Akaitikia marahaba. Watu wakasubiri kilichobaki.

"Shikamoo nimeitoa, Mjomba, na nitaitoa kila siku. Radhi siombi."

Mjomba alinitazama kama ameona mtu asiyemjua. Kaka akaanza kunyanyuka.

Hapo ndipo Bibi Kabula alipoingia bila hodi, akapita katikati ya mkeka na kandambili zake, akauliza Wazaramo wanazika nini bila kumwita mtani. Mjomba akamjibu arudi kwake akabebe mizigo ya watu, ndiyo kazi ya kabila lake. Watu wakacheka, hewa ikalegea kidogo.

Bibi akaukalia mtungi. Akauzungushia khanga.

"Huu nimechukua. Mkiutaka mtaukomboa."

Kaka akasema Bibi, hii siyo siku ya utani. Wazee wote wakamgeukia yeye. Mjomba, pamoja na hasira zake kwangu, akamwambia kaa chini, mtani hakatazwi siku. Akamuuliza bibi anataka nini, kuku au kilo ya sukari.

Bibi akasema hataki kuku wa Kizaramo, wamekonda kwa kusikiliza ngoma. Ukombozi wake ni mmoja. Mtungi ujazwe maji na ubanwe kwa pampu kama binti huyu atakavyosema, mpaka binti mwenyewe aseme basi. Ukibaki mzima, mtoto huyu ataomba radhi na yeye bibi ataongeza jogoo.

Mjomba akanitazama mimi, akamtazama na bibi. Nadhani alishaelewa. Akasema sharti la mtani limesikika.

Tukaenda kwenye shimo la zamani la mchanga nyuma ya shamba. Nilikuwa nimeazima pampu ya presha kazini, kwa ruhusa. Tukaushusha mtungi shimoni, tukaujaza maji, tukavuta bomba refu mpaka nyuma ya tuta. Wote nikawaweka nyuma ya tuta, hata waliogoma. Maji yakipasua mtungi hayalipuki kama gesi, lakini sikutaka kujaribu bahati ya mtu.

Hapa nikafanya kosa la mdomo. Kwa mahesabu yangu niliamini nguvu iliyobaki ilikuwa ndogo mno, nikasema mbele ya watu kwamba hautavuka hata jaribio la kwanza.

Nikapandisha presha mpaka juu ya ile ya kujazia gesi, mara moja na nusu yake. Geji ikasimama. Tukasubiri.

Mtungi ukashika. Haukutoa hata tone.

Wifi alipiga kigelegele. Yule jamaa wa Mkuza, naye alikuja, akaanza kukunja suruali ashuke kuchukua mali. Kaka akaniangalia bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma, akasema, "Mdogo wangu, mkeka wako umechanika."

Wapenzi wa kubeti mnalijua hilo neno: ubashiri umeliwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Ila wakuu, utabiri wa nyuzi unatoa makadirio, hauna saa wala dakika. Nilikosea lini, sikukosea nini. Na gari la shule halijazwi mara moja, linajazwa kila siku. Nikawaambia sijasema basi. Sasa tutaujaza na kuumwaga, kwa presha ya kawaida tu, tena na tena, kama gari linavyofanya kazi.

Yule muuzaji akasema huo ni ukaidi. Nikamwambia amepatia kabisa.

Bibi Kabula akatandika khanga yake juu ya tuta, akasema yeye hana haraka.

Tukaanza. Pampu inapanda, geji inafika, valvu inafunguliwa, maji yanarudi kwenye pipa. Inapanda, inafika, inashuka. Watu wakachoka, wengine wakaondoka. Jioni nikazima pampu, nikalala kwa Bibi Kabula kwa sababu kwa Mjomba sikukaribishwa.

Asubuhi tukaendelea. Kaka akasema swichi ya pampu atashika yeye, nisije nikazidisha presha. Nikampa. Akakaa pale na kofia yake, anabonyeza, anaachia, anahesabu kimoyomoyo. Kuna wakati aliniuliza hapa tumefika wapi kwa siku za shule. Nikamwambia tumeshavuka muhula mmoja, tunaingia wa pili.

Muhula wa pili haukuisha.

Geji ilikuwa inapanda, haijafika hata ile presha ya kawaida ya kila siku. Ukasikika mlio mkavu kama mbao inayopasuka, halafu kishindo. Mchanga na maji vikaruka juu ya tuta vikatumwagikia. Wifi alikuwa amebeba sufuria ya uji wetu, akaiachia.

Nilizima kila kitu tukasubiri. Kisha kaka akashuka shimoni wa kwanza, mimi nyuma yake.

Mtungi ulikuwa umefunguka upande wa betri, pale pale penye mistari, na nyuzi zake zilikuwa zimekatika sawasawa, safi. Kipande kimoja kilikuwa kimezama kwenye ukuta wa shimo. Kaka alikivuta kwa mikono miwili mpaka kikatoka, akakaa nacho kwenye mchanga wenye maji.

Yule muuzaji hatukumwona tena siku hiyo.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kaka. Nilikuwa nimeyaandaa tangu siku ya maandazi. Aliniwahi yeye. Alinyanyua uso, akaniambia kwa sauti ndogo sana.

"Husna alishachagua kiti."

Tukalia pale shimoni wote wawili. Juu ya tuta Bibi Kabula aliuliza kama Wazaramo wamemaliza kumzika marehemu wao, maana yeye ana njaa.

Sasa hali ikoje leo?

Kaka anabeba wanafunzi kwa petroli. Faida imepungua na analalamika kila wiki, haki yake. Muuzaji bado anazungushana naye kuhusu pesa ya mtungi. Kile kipande amekifunga kwa waya nyuma ya kiti chake, na dereva yeyote anayemletea habari za mtungi wa fiber wa mtumba anakabidhiwa akishike kwanza.

Wifi ananisalimia kwa mbali, anasema ningeweza kuufikisha ujumbe kwa adabu. Shangazi wa voice note hajaifuta. Mjomba kanitumia kuku, hakusema wa nini, na mimi sikuuliza.

Nilichojifunza siyo kikubwa. Ukijua jambo linaloweza kuua mtoto, msimamo wako wa kimya hausaidii mtu. Itabidi uukere ukoo, uchekwe siku unayokosea hesabu, na ubaki umesimama pale pale.

Na nyie wenye watoto kwenye magari ya shule, kesho asubuhi inueni kiti cha nyuma. Mkiona mtungi wa fiber uliopuliziwa rangi, au betri imelala ubavuni kwake, msimuite fundi wa kugonga na spana. Mtoeni mtoto kwenye gari, ndipo mbishane.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye kuniita mkaidi karibuni, wenye maswali ya mitungi nitajibu ninayoyajua, na wenye visa vya watani waliowaokoa naomba sana mviweke.

Kuna ndugu zangu wawili watatu wanasoma humu, nawajua kwa ID zao. Nasikia mnataka Idi ijayo nije nimalizie ile radhi niliyobakiza kwa Mjomba.

Nitakuja. Nitapiga magoti kwenye mkeka ule ule. Shikamoo nitatoa.